Ng'ombe wa Arobaini

Baba yangu alikufa mikorosho ikiwa kwenye maua, na kabla matanga hayajaanuliwa kaka yangu alikuwa ameshayauza yale maua.

Wakati huo nilikuwa nimeolewa Narung'ombe, upande wa Ruangwa. Nyumbani kwetu ni Lionja, Nachingwea. Baba alikuwa na shamba la mikorosho alilopanda kwa mkono wake, akalipalilia mwenyewe mpaka uzee, na katika maisha yake yote sikumbuki mtu aliyewahi kuja kubisha hodi kumdai. Katika watoto wake tulibaki hai wawili tu, kaka yangu na mimi. Mama alitangulia zamani.

Tulipokuwa wadogo, baba alitupeleka mnadani Nachingwea baada ya kuuza korosho. Tulipita kwenye nguo, viatu, sufuria, redio, na kila tulipogusa kitu alituuliza swali moja: "Hiyo ni haja au hamu?" Kaka alijibu haja kwa kila kitu, hata kwa miwani ya jua. Mimi nilikuwa mkweli, nikasema hamu, nikarudi mikono mitupu. Kaka naye alirudi mikono mitupu vilevile, lakini angalau alikuwa amejaribu.

Sisemi baba alikuwa mtu rahisi kuishi naye. Mama alivaa kanga mpaka maandishi yakafutika. Sikukuu ya Idi tulivaa nguo za mwaka uliopita, zikiwa zimeachiwa pindo. Lakini miezi ile ya njaa, muhogo mpya bado haujakomaa na mahindi yamekwisha kwa jirani, kwetu ghalani kulikuwa na kitu. Watu walikuja kuomba, baba akawapimia, akawaambia wasirudishe. Hakupenda kudaiwa, na hakupenda kudai pia. Alisema vyote viwili vinaharibu salamu.

Ugonjwa wake ulikuwa wa kiume. Mkojo ulianza kutoka kwa shida, kisha matone, kisha ukafunga kabisa. Kaka alinipigia simu, nikaja na basi la asubuhi. Nilimkuta baba amekaa kitandani, jasho linamtoka, mikono imeshika kingo za kitanda. Tulimpakia kwenye bodaboda, yeye katikati, mimi nyuma nimemshika kiuno, dereva akaenda polepole sana, na bado kila shimo lilimtoa mguno. Pale hospitali Nachingwea walimwekea mpira wa mkojo. Daktari, kijana mpole, alitueleza kwamba ni tezi dume, imekuwa kubwa, na mpira si dawa. Anahitaji kupasuliwa, na upasuaji huo unafanyika hospitali ya rufaa, mbali.

"Msikae sana," alisema. "Mpira ukikaa muda mrefu unaleta maambukizi."

Tulirudi Lionja tukakaa kikao. Tulikuwa watatu, kaka, mimi na shangazi, dada yake baba. Baba alikuwa chumbani, ukuta wa udongo ndio uliotutenganisha, alisikia kila neno.

"Tusubiri msimu," kaka alisema. "Korosho zikianguka, tunampeleka hata Dar."

"Mkojo hausubiri msimu," nilimwambia.

"Basi toa wewe."

Nilitoa. Niliuza mbuzi wangu, nikauza na ufuta niliokuwa nimeuweka, mume wangu akaongeza kidogo cha kwake. Vilitosha nauli za kwenda kubadilisha mpira na dawa za kuzuia vidudu. Upasuaji havikuufikia. Ndipo mimi mwenyewe nikamwambia kaka tukakope. Nachingwea mjini kulikuwa na mnunuzi mmoja aliyejulikana. Alikuwa anatoa hela miezi ile ambayo mkulima hana kitu, akinunua korosho zikiwa bado maua juu ya mti, kwa bei ya kutupa. Huku kwetu biashara hiyo tunaiita kangomba. Imekatazwa, na inafanyika kweupe.

"Tumpe maua ya sehemu ya shamba," nilisema. "Nusu tu."

Kaka alinitazama kana kwamba nimemtukana. "Baba mwenyewe hataki madeni. Unataka tumwekee deni uzeeni, afe na aibu?"

Niliingia chumbani. Baba alikuwa amelala ubavu, mfuko wa mkojo umening'inia kwenye chaga ya kitanda.

"Nimesikia," alisema. "Msiniwekee deni kwenye miti."

"Baba, hii ni haja, si hamu. Wewe ndiye uliyetufundisha."

Akacheka, kicheko kile cha mtu anayeogopa kujitikisa. "Haja yenyewe ndiyo imenikataa, mwanangu."

Nilicheka naye kwa sababu lilikuwa jambo la kuchekesha kweli. Kisha nikatoka nje nikalia nyuma ya jiko. Hata leo nikikumbuka najiuliza ni nani hasa aliyekataa siku ile. Baba alikataa kwa sababu ndivyo alivyoishi. Kaka alikataa kwa sababu baba amekataa, na ikawa rahisi kwake. Tangu utoto hakuwahi kulifuata neno lolote la baba, akalifuata hilo moja.

Homa ilimpata kabla msimu haujafika. Ilikuwa homa ya maambukizi, kama daktari alivyosema. Alikufa mchana, mimi nikiwa njiani kutoka Narung'ombe na chupa ya uji kwenye kikapu.

Tulimzika vizuri. Majirani walichimba kaburi, sanda alikuwa ameiweka mwenyewe sandukuni miaka mingi, hata pamba na ubani vilikuwemo. Maziko ya baba hayakugharimu kitu. Nafikiri alilipanga hilo kama alivyopanga kila jambo.

Siku ya tatu baada ya maziko, watu wakiwa bado wamekaa kwenye mikeka, niliona pikipiki nyekundu inaingia uani. Alikuwa yule mnunuzi. Alivua kofia, akatoa pole, akaketi na kaka pembeni. Walizungumza kwa sauti ya chini, wakaenda wote wawili shambani, wakarudi. Mnunuzi alitoa bahasha mfukoni. Kaka aliihesabu mbele yetu wote, bila haya, akalamba kidole.

Jioni ile alitangaza. Arobaini ya baba itakuwa kubwa. Atachinjwa ng'ombe. Yatakodiwa maturubai na spika, wataalikwa mashehe kutoka Ruangwa mjini, na wanawake wa ukoo watashonewa sare za kanga.

Nilisimama. "Kaka, hela hii ilikuwa wapi baba akiwa hai?"

"Hii si hela yangu. Nimeuza maua."

"Na mimi nilikuomba uuze nini?"

Mwanamke mmoja aliyekuwa anachambua mchele aliacha kuchambua.

"Baba hakutaka," kaka alisema.

"Na hiki ametaka?"

"Aliyekufa hatoi amri. Unataka watu waseme tumemzika kama mbwa? Mzee mwenye shamba kama hili, tuwape watu chai na maandazi? Heshima ya baba ni haja. Au wewe kwako ni hamu?"

Alilitumia swali la baba kunipigia mimi. Shangazi alinivuta kanga, akaniambia kwa Kimwera nikae chini, kisha kwa Kiswahili ili wote wasikie: "Mwanangu, usimsumbue kaka yako. Mambo ya watu ni makubwa kuliko sisi."

Arobaini ilifana. Watu walitoka Chiola, Ruangwa, na vijiji ambavyo baba sidhani kama aliwahi kuvikanyaga. Ng'ombe alichinjwa alfajiri, sufuria kubwa za kukodi zikapangwa mstari, moshi wa pilau ukafika barabarani. Mashehe walisoma vizuri, sina neno na mashehe. Spika zilipeleka kisomo mpaka ng'ambo ya bonde. Nilivaa sare kama wenzangu, kanga ya kijani yenye maua meupe, nikabeba sinia kutoka jikoni hadi kwenye mikeka mpaka miguu ikavimba.

Mzee mmoja nisiyemjua alinisimamisha. "Binti, nyama imekuwa chache upande huu."

"Samahani baba, naongeza."

"Marehemu alikuwa nani kwani?"

"Baba yangu."

"Ah. Pole. Ongeza na mchuzi."

Mchana wote wanawake walifunga chakula kwenye mifuko kuwapelekea waliobaki nyumbani. Kaka alikuwa amesimama karibu na turubai, kanzu nyeupe mpya, anapokea mikono. Kila mtu alimwambia amemtendea baba yake haki. Nilimwona anavyong'aa. Sikumchukia wakati ule. Niliona mtu aliyengojea maisha yake yote kununuliwa miwani, na leo amejinunulia.

Msimu ulipofika nilikwenda Lionja kuokota korosho zangu. Baba aliponioza alinionyesha mikorosho ya upande wa kisima, akasema hii ni yako, utakuja kuiokota kila mwaka upate chumvi yako mwenyewe. Kaka alikuwepo, shangazi alikuwepo. Nilikuwa nimeipulizia salfa, dawa ya ukungu, kwa hela yangu mwaka ule, nimeipalilia, chini kumefagiliwa kama uani. Ilizaa vizuri. Niliokota siku nyingi, mgongo unauma, nikazitenga na mabibo yake, nikaanika, nikatia kwenye magunia. Nilikuwa nimeshapanga: sehemu ingekuwa bati za nyumba yetu, sehemu sare za shule za watoto.

Mnunuzi alikuja na gari dogo la mizigo. Vijana wake walipakia magunia ya kaka, kisha wakaja kwenye ya kwangu.

"Hayo si ya kaka," nilimwambia. "Hayo ni ya kwangu."

"Dada, mimi nilionyeshwa shamba zima. Nikatembezwa mpaka kwenye kisima." Hakuwa mkali. Alizungumza kama mtu anayemweleza mgeni njia. "Kamuulize kaka yako. Mimi sikumkopesha mtu, mimi nilinunua."

Nilimtazama kaka. Alikuwa anafunga mdomo wa gunia kwa kamba, anafunga na kufungua, anafunga tena.

"Arobaini ilikuwa ya baba yetu sote," alisema bila kuinua kichwa. "Na wewe ulivaa kanga."

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Aliniambia hayo ni mambo ya ndugu, tuyamalize nyumbani. Hata yeye alikula ile pilau. Gari liliondoka. Baadaye niliwasikia wakulima wanatoka kwenye ghala la chama cha msingi, wanazungumza bei ya mnada, wanacheka, wanapigana mabega. Mwaka ule bei ilikuwa nzuri. Nilipita kando yao na kikapu kitupu nikatafuta usafiri wa kurudi Narung'ombe.

Nilimweleza mume wangu, nikamwambia neno moja: katika nyumba hii hatutakopa kamwe, si kwa mtu wala kwa kikundi. Tutakula tulichonacho na kitakachobaki tutakiweka. Alikubali siku ile kwa sababu aliniona nilivyo. Kuishi na kauli ile kulikuwa jambo jingine.

Nyumba yetu ilibaki ya nyasi miaka mingine mitatu. Majirani walipiga bati kwa mkopo wa wale wakopeshaji wa mjini, mkopo ambao watu wenyewe wanauita kausha damu, na mvua ikinyesha usiku nilisikia bati zao zinavyoimba. Watoto wangu walivaa Idi nguo za zamani. Binti yangu wa kwanza alilia akajifungia, na nilipomgongea alisema, "Mama, wewe unapenda tuonekane maskini." Mimi mwenyewe niliwahi kulisema hilo moyoni, kwa baba.

Kisha mume wangu akataka pikipiki. Kulikuwa na mtu Ruangwa anatoa kwa mkataba, unaiendesha na kumpeleka hela kila wiki mpaka deni liishe, iwe yako. Nilimuuliza ile ni haja au hamu.

"Usiniletee habari za baba yako," alisema. "Baba yako alikufa na shamba."

Ni neno zito kuliko yote aliyowahi kuniambia, na alilisema kwa utulivu, anakunja mkeka. Hakuichukua ile pikipiki. Jirani yetu aliichukua. Alihangaika, mara mbili walimnyang'anya wakamrudishia, akamaliza deni. Leo ana mbili, moja amempa mdogo wake. Mume wangu hanikumbushi kwa mdomo. Ila jirani akipita, anaacha jembe na kumtazama mpaka vumbi litulie. Sitaki mtu adhani kwamba kila aliyekopa alianguka na kila aliyejizuia alineemeka. Sikuyaona hayo. Nilichokiona ni kwamba hakuna mtu aliyewahi kuja kwangu na watu wake kubeba godoro, na nimeona magodoro yakibebwa. Nimemwona mwanamke mwenzangu ameshika miguu ya kiti chake cha plastiki, mdai ameshika mgongo wa kiti, wanavutana mbele ya watoto, kwa sababu ya mkopo wa sare za harusi ya mtu mwingine.

Tulipiga bati mwaka wa nne, kwa hela ya ufuta, bati tulizonunua chache kila mwaka, zimetofautiana rangi. Mahindi siuzi yote hata bei ikipanda. Shughulini nakwenda, natoa mchele wangu kilo niliyoweza, naosha vyombo, narudi. Mwanzoni walinisema kwa siri. Sasa wananisema mbele yangu, wananiita mchumi, na si sifa. Mialiko imepungua. Hakuna anayenidai Narung'ombe nzima, na zipo wiki ambazo hakuna anayenijulia hali.

Kaka hakutoka tena kwenye mikono ya yule mnunuzi. Msimu wa kwanza ulikwenda kwa ng'ombe. Kwa kuwa ulikwenda kwa ng'ombe, hakuwa na hela ya salfa wala ya chakula, akauza maua ya msimu wa pili. Wa tatu vilevile. Mwaka ambao mvua iliharibu maua, korosho hazikufika kiasi walichopatana, mnunuzi akasema basi amkatie kipande cha shamba. Akakata. Mwaka uliofuata akakata kingine, na mikorosho yangu ya kisimani ikiwa ndani yake. Kaka alikuja Narung'ombe mara moja, amekonda, kanzu ile ile imekuwa ya rangi ya chai. Aliomba nimkopeshe akomboe shamba la baba.

"Shikamoo kaka," nilimwambia kwanza. Nikampa maji, nikampa chakula, nikamwacha ale. "Sikopeshi, na wewe unajua. Nitakwenda mwenyewe kwa yule mnunuzi."

"Unanidhalilisha."

"Nataka miti yangu tu."

Nilikwenda. Mnunuzi alinikumbuka. Alinikaribisha soda, nikakataa. Nilinunua mikorosho ya upande wa kisima, miti niliyopewa na baba yangu bure, kwa hela za ufuta wa miaka miwili, mbele ya mwenyekiti yule yule. Mwenyekiti aliandika, akanigongea mhuri, akanipongeza. Shamba lililobaki lote sasa ni la yule mtu wa mjini.

Kila msimu nakwenda Lionja kuokota. Ng'ambo ya njia, chini ya miti ileile tuliyoikimbilia mabibo utotoni, kaka yangu anaokota korosho za mnunuzi kwa kibarua. Tunaanza asubuhi karibu saa moja wote wawili. Namwamkia, anaitikia marahaba. Mchana namtumia chakula kwa mtoto yeyote anayepita, na sahani inarudi imeoshwa. Hatujawahi kukaa tukala pamoja chini ya miti ile. Kuna wakati upepo unapeperusha korosho za mpakani, zinaanguka upande wake, nami naona anavyozisukuma kwa mguu zirudi upande wangu, kisha anageukia pengine kama hajafanya kitu.

Mwaka jana alifanya ngoma ya jando la mwanawe wa mwisho. Nilisikia kwa watu kwamba amekodi spika, amechukua mchele na mafuta dukani kwa ahadi ya vibarua vya msimu ujao. Hakunialika kwa mdomo wake, alimtuma mtu aseme mchango wa shangazi wa mtoto ni mbuzi. Nilipeleka mchele debe moja, mzuri, niliopepeta mwenyewe, na kitambaa cha mtoto.

Kitambaa walikipokea. Mchele ulirudi siku ya pili yake, umefungwa vilevile nilivyoufunga, juu ya baiskeli ya mtu aliyekuwa anakuja Ruangwa. Wifi yangu alikuwa ametuma neno kwamba wao hawali kwa kupimiwa.

Niliushusha mwenyewe. Mume wangu alikuwa ukumbini ananoa panga, akautazama ule mchele, akanitazama, akaendelea kunoa. Usiku niliupika na maharage. Watoto waliula wote, wakakomba na ukoko, wakauliza kama kesho upo tena.